Sekenke, Mgodi Uliotangulia

Kwa abiria wengi wa mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Sekenke ni mlima. Ni mahali ambapo barabara, baada ya kupita Misigiri, huuacha uwanda wa juu wa Iramba na kuteremka kwa kona hadi Shelui, na ambapo aliyekuwa amesinzia huamka na kushika kiti cha mbele yake. Wachache miongoni mwao wanajua kwamba jina hilo hilo ni la mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi ambayo leo ni Tanzania, ulioanza kuzalisha mwaka 1909 chini ya utawala wa Wajerumani. Na wachache zaidi wamewahi kuzingatia kwamba kwenye barabara hiyo hiyo, ukishaipita Igunga na kukaribia Nzega, kuna mgodi mwingine uliowatangulia wenzake kwa namna yake: Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa zama hizi, uliofunguliwa mwaka 1998 na kufungwa miaka kama 15 baadaye. Mtu anaweza kutoka mmoja hadi mwingine kabla jua halijatua. Mimi nilitaka kwenda taratibu, kwa gari dogo, nikisimama kila palipo na la kuona, kwa sababu naamini kwamba habari za dhahabu yetu husimuliwa mno kutokea Geita na Kahama, ambako dhahabu ingali inatoka kwa wingi, na husimuliwa kidogo mno kutokea mahali ilipoanzia na mahali ilipokwisha.

Nilisafiri na mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori, ambaye aliupanda na kuuteremka mlima ule tangu enzi za barabara ya vumbi. Tuliondoka Singida asubuhi, tukaliacha nyuma Ziwa Singidani pamoja na yale majabali makubwa yaliyobebana, ambayo mgeni huyatazama mara mbili akihofia kwamba yataporomoka. Kando ya barabara akina mama walikuwa wamepanga chupa na madumu ya mafuta ya alizeti, yaking'aa juani kwa rangi ambayo, kwa nchi tuliyokuwa tukiiendea, ilifaa kabisa.

Mjomba ndiye aliyenikumbusha habari za reli. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilijenga reli ya tawi kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, kwa matumaini kwamba nchi hii ingezalisha mazao na mali ya kutosha kuilipa gharama zake. Katika miaka ya 1940 ikaifunga, ikang'oa vyuma na mataruma yake. Singida ilikuja kurudishiwa reli miongo mingi baadaye, Kinyangiri haikurudishiwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu hudhani kwamba miji ya migodi pekee ndiyo inayoachwa. Nchi ya Iramba ilizoea mapema kuona vitu vikubwa vikiletwa kwa gharama na kishindo, kisha vikiondolewa na wale wale waliovileta, wenyeji wakibaki na tuta la udongo la kulima viazi.

Tulipofika kwenye ukingo wa mlima, mjomba aliomba ashike usukani mwenyewe. Alibadilisha gia kabla hatujaanza kuteremka, akaniambia kwa sauti ya mwalimu, "Mwanangu, gia ambayo ungepandia ndiyo utakayoshukia. Breki ni ya kusimamia, si ya kushukia." Mbele yetu lori lililojaa saruji lilikuwa likishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mjomba hakuthubutu hata mara moja kulipita. Aliniambia kwamba katika ujana wake madereva waliofika salama Shelui walikuwa na desturi ya kuwasubiri wenzao wa nyuma, na kwamba chai ya Shelui ilikuwa tamu kuliko chai ya mahali pengine popote katika safari nzima.

Nilimwomba asimame pale ambapo pana nafasi ya kuegesha. Chini yetu, hadi macho yanapokoma, ilikuwa imetandazwa mbuga ya Wembere, tambarare kabisa, yenye rangi ya majani makavu na mabaka meusi ya udongo wa mfinyanzi. Maji yake hayafiki baharini. Huteremka polepole hadi Ziwa Kitangiri, kisha hufuata mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na safari yao huishia hapo, kwenye chumvi na jua. Ukingo tuliosimama juu yake ni sehemu ya mivunjiko ile ile iliyolipasua Bonde la Ufa, na mivunjiko hiyo, pamoja na mmomonyoko wa muda mrefu usiofikirika, ndiyo iliyoiacha wazi miamba iliyokuwa imezikwa. Miamba yenye dhahabu ya hapa ni ya kale mno, ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ni ya jamii moja na ile inayopatikana kwa vipande vipande kuanzia hapa hadi ng'ambo ya Ziwa Victoria. Dhahabu imejificha ndani ya mishipa ya mawe meupe ya kwatsi, mahali pengine ikionekana kwa macho, mahali pengi zaidi ikiwa vumbi lisiloonekana kabisa.

Machimbo yenyewe yako nje ya barabara kuu, na tulianzia ofisi ya kijiji, maana eneo la mashimo si mahali pa mgeni kujiingilia bila kujulikana. Tulipewa mzee mmoja wa kutuongoza. Mimi na mjomba tulimwamkia kwa pamoja, ingawa mjomba naye ana mvi, na mzee akaitikia, "Marahaba, wanangu, karibuni Sekenke," kwa upole ambao ulinifanya nijisikie kana kwamba tulikuwa tunangojewa. Baba yake alifanya kazi mgodini wakati wa Waingereza. Alituonyesha kwa fimbo yake misingi ya zege iliyobaki kati ya miiba, kisha marundo ya marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa na kutolewa dhahabu, kisha mashimo ya zamani ambayo midomo yake imezungushiwa matawi ili mbuzi wasitumbukie. Pale ambapo fimbo haikufika, alielekeza kwa kidevu.

Ni vigumu kusimama mahali pale bila kufikiria namna mitambo ilivyofika. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, miaka mitatu baada ya mgodi kuanza kuzalisha. Kwa hiyo vyuma vya mwanzo havikuletwa na treni hadi karibu. Vililetwa kwa nchi kavu, na katika nchi ya wakati ule neno hilo mara nyingi lilikuwa na maana moja, yaani migongo, mabega na vichwa vya watu. Wanyamwezi walikuwa wamebeba mizigo ya nchi hii kwa karne nzima kabla ya hapo, kwanza meno ya tembo na nguo, na yaelekea sasa ikawa zamu ya vyuma vya kusagia mawe. Vitabu vya migodi huandika tani zilizosagwa na wakia zilizopatikana, wakia moja ikiwa karibu gramu 31. Sijawahi kuona kimoja kilichoandika orodha ya wapagazi, na hilo ndilo jambo ambalo lingenifurahisha kuliko yote kulikuta Sekenke: majina.

Mzee aliinama, akaokota jiwe, akalilowesha kwa mate na kuligeuza mbele ya macho yangu. Lilimetameta. Kisha akaliingiza kwenye kivuli cha mwili wake, na kumetameta kukakoma mara moja. "Hiyo siyo," alisema. Alieleza kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha: jiwe la uongo hung'aa kwa jua na hufa kivulini, lakini dhahabu rangi yake ni ile ile juani na kivulini, na ukiligeuza jiwe upande wowote haibadiliki. Nilimwomba anionyeshe ile ya kweli. Alitafuta kwa muda mrefu bila haraka yoyote, akapata kipande cha kwatsi chenye ukubwa wa kidole gumba, na katika ufa wake mmoja, kivulini, palikuwa na alama ya manjano iliyotulia, nyembamba kuliko uzi. Nililitazama jiwe lile hadi mjomba akaniita.

Kwa nini mgodi wa kampuni ulikwisha ilhali dhahabu bado ipo? Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu jibu la haraka, kwamba dhahabu iliisha, si sahihi. Mgodi haufi siku dhahabu inapokwisha. Hufa siku gharama ya kuitoa inapozidi bei yake. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei rasmi ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35, na kwa miaka michache migodi midogo ya Tanganyika, kuanzia Lupa huko Chunya hadi Musoma na Geita, ilipata uhai ambao haikuwa nao kabla. Lakini bei hiyo ilikaa pale pale hadi mwaka 1971. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kila kitu kingine ilipanda, kuanzia mafuta na baruti hadi vipuri na mishahara, huku mapato ya wakia moja yakibaki yale yale, na mashimo yakizidi kwenda chini ambako maji ni mengi na hewa ni haba. Mgodi mmoja baada ya mwingine ukafungwa. New Saza, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya Lupa, ulifungwa mwaka 1956. Geita ya zamani ikafuata mwaka 1966. Sekenke ilikuwa katika msafara huo huo. Miji iliyojengwa kwa ajili ya migodi hiyo ilipungua kutokana na bei iliyopangwa mbali, na watu wake hawakuwa na la kufanya kuibadilisha.

Waliobaki, na wale waliokuja baadaye, ndio wachimbaji wadogo wa leo. Tulitembelea maduara mawili, ndiyo mashimo yao ya kuchimbia, tukakuta winchi za mkono, kamba nene, na matimba, yaani magogo, yaliyopangwa kuzuia kuta. Mawe yanayotolewa hujazwa kwenye viroba, na viroba hivyo hugawanywa kwa hesabu inayojulikana na kila mmoja kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, kabla hata haijajulikana ni kiroba gani chenye kitu na kipi hakina. Mgao unafanywa juu ya mawe, si juu ya dhahabu, na hivyo kila mtu huondoka na bahati yake. Niliuona utaratibu huo kuwa wa haki kuliko mikataba mingi niliyowahi kuisoma.

Chini ya kibanda cha mabati, karibu na karasha, mashine ya kusagia mawe, lililokuwa likinguruma, mama mmoja alikuwa akichenjua. Alikuwa na karai lenye unga wa mawe uliochanganywa na maji, akilizungusha kwa mikono miwili ili mchanga mwepesi umwagike ukingoni na ule mzito ubaki. Aliongeza zebaki kidogo, akakanda, akamimina vyote kwenye kitambaa na kukikamua hadi matone ya zebaki yakapenya na kurudi kwenye kopo. Ndani ya kitambaa ilibaki punje ya kijivu isiyovutia hata kidogo, ambayo ingekuwa ya manjano baada ya kuchomwa. Hakuwa na glavu. Moshi wa zebaki ni sumu, naye alijua, kwa sababu alinionyesha kwa mkono nisogee upande ambao upepo unatokea. Mchanga aliokwisha kuuosha haukutupwa. Marudio hayo huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, ambao hutoa humo dhahabu nyingi kuliko aliyoipata yeye. Jambo hili liliniuma, nami nalisema wazi. Aliyevunja mwamba na aliyevuta moshi hupata sehemu ndogo, na sehemu kubwa humngojea mwenye mtaji wa kujenga matangi.

Tulikunywa chai Shelui, na mjomba alisema bado ni ile ile. Mji una nyumba za wageni nyingi kuliko wageni, na maduka ambayo vibao vyake vimefifia, lakini sokoni kulikuwa na vitunguu vya kutosha na watoto wa shule waliotuamkia kwa heshima.

Kutoka hapo barabara hunyooka kuvuka Wembere hadi Igunga, na safari huwa ya anga zaidi kuliko ya nchi. Kuna mashamba ya mpunga, pamba, na makundi ya ng'ombe wa Wasukuma yanayovuka barabara bila kujali honi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walipanga kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi mbuga hii ili walime pamba kwa umwagiliaji, na mpango huo ukaishia kwenye karatasi. Sasa maji ya ziwa hilo yamefika Igunga, Nzega na Tabora kwa mabomba, na niliyanywa Nzega kwenye glasi ya hoteli nikiwa na furaha ambayo mhudumu hakuielewa.

Nzega yenyewe haijafifia, kwa maana ni njia panda: malori ya Rwanda na Burundi hupita hapo, na barabara za Mwanza, Tabora na Singida hukutana. Ukimya uko Lusu, upande ulipokuwa mgodi wa Golden Pride. Hata kabla hujafika, unaona kilima ambacho hakikuumbwa na Mungu, chenye kilele kilichosawazishwa na miteremko iliyonyooka mno. Ni kifusi cha mawe yaliyotolewa shimoni. Mgodi huo ulianza mwaka ambao Sheria mpya ya Madini ilipitishwa, 1998, na kwa miaka michache ulikuwa peke yake nchini, kabla ya Geita mpya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na North Mara mwaka 2002. Ulitoa zaidi ya wakia milioni 2, yaani zaidi ya tani 60 za dhahabu, kisha mwamba uliokuwa na faida ukaisha na mgodi ukafungwa kwa mpango. Majengo yakakabidhiwa kwa serikali kwa ajili ya Chuo cha Madini.

Nilikaa kwenye benchi la duka la mama mmoja aliyekuwapo tangu mgodi ulipokuwa na nguvu. Nyuma ya duka kulikuwa na safu ya vyumba vya kupangisha, milango yake imepakwa namba kwa rangi nyekundu, na zaidi ya nusu imefungwa kwa kufuli zilizoshika kutu. Mjomba alimuuliza ni nani walioondoka kwanza. "Wapangaji, baba," alijibu. "Wazungu tuliwasikia tu kwamba wameondoka. Lakini mpangaji akihama, siku hiyo hiyo unajua." Alisema baadhi ya vijana waliojifunza kazi pale, ya kuendesha mitambo mikubwa, uchomeleaji, umeme, waliitwa kwenye migodi mingine, na kwamba mwanawe mwenyewe yuko Geita na hutuma fedha. Hakulalamika. Alichokitaka ni wanafunzi wa chuo waongezeke, ili wapange.

Nililinganisha migodi hiyo miwili njia nzima ya jioni. Sekenke iliachwa bila mpango, na watu wakajirudishia wenyewe mashimo, marudio na maarifa, wakiishi navyo kwa shida lakini kwa haki ya kuviita vyao. Lusu ilifungwa kwa utaratibu unaotakiwa, na ni jambo jema kwamba majengo yake yanafundisha vijana badala ya kubomolewa kwa ajili ya mabati, lakini dhahabu iliyobaki chini haiwezi kufikiwa kwa karai na winchi, na kilima cha kifusi hakilimwi. Sidhani kwamba mtindo mmoja ni bora kwa kila kitu. Naona tu kwamba tunapopanga kufunga mgodi, tunahesabu mashimo, miti ya kupandwa na majengo, na hatuhesabu vyumba vyenye namba nyekundu.

Siku iliyofuata tuliendelea kusini hadi Tabora, kwa kuwa sehemu ya dhahabu ya Sekenke ilikwenda huko. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa baharini na Waingereza, na fedha za sarafu zilikwisha. Noti za dharura zilizochapishwa humu nchini watu walizishuku. Basi mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Lulanguru karibu na Tabora, zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15, upande mmoja tai wa Ujerumani, upande mwingine tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilikuwa sarafu 16,198, kila moja na uzito wa gramu 7 na ushei, robo tatu yake ikiwa dhahabu. Ukipiga hesabu unapata karibu kilo 87 za dhahabu halisi, na Sekenke ndiyo iliyotoa. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikaishia hapo.

Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzinunua sarafu hizo leo kwa maelfu ya dola, na duniani kote zinajulikana kama sarafu za Tabora, kwa jina la mahali zilipopigwa. Ningependa mamlaka za Singida ziweke kibao pale juu ya mlima, kwenye nafasi ya kuegesha ambapo mjomba alisimamisha gari, kieleze mgodi ulianza lini, dhahabu yake ilikwenda wapi, na kwamba mizigo ya wakati ule ilibebwa na watu. Malori husimama hapo kila siku ili breki zipoe, kwa hiyo wasomaji hawatakosekana.